Sura ya Nne: Ugonjwa Usiopanda Mlima

Ukitoka Mbeya kwenda Kyela alfajiri ya Julai, unapanda kosta ukiwa na sweta, na juu ya sweta koti. Kama una mtoto, kitenge kimemfunika mpaka puani. Baridi ya mwezi huo haina mchezo. Usiku nyuzi joto hushuka chini ya 10. Uyole gari linakata kulia na kuanza kupanda safu za Uporoto, likapita kwenye mashamba ya viazi na pareto yaliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukungu ukiwa bado umelala barabarani. Kuanzia Isyonje ni kuteremka tu. Kiwira wauza ndizi na parachichi wanang'ang'ania madirishani. Tukuyu ni chai na mvua. Mbele yake hewa inaanza kuwa nzito na makoti yanavuliwa moja moja. Mpaka unafika Kyela, kwenye mpunga na kakao, jasho linakutiririka. Ziwa Nyasa, si mbali na hapo, liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari.

Katika safari moja ya namna hiyo nilikaa na bibi aliyempakata mjukuu wa miaka minne hivi. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Tulipoipita Tukuyu alianza kumvua mtoto kofia ya sufi, kisha sweta, akavikunja na kuvitia kwenye mfuko uliokuwa na chandarua kipya bado kwenye plastiki yake.

"Umemnunulia yeye, bibi?"

"Yeye. Kile cha zamani kimetoboka. Huku tunakoshuka, mwanangu, baridi ikiisha mbu wanaanza."

Sura hii ni maelezo marefu ya sentensi hiyo ya bibi. Ndani yake mna saratani ya watoto, daktari wa jicho moja aliyetaka kujua mahali ambapo saratani hiyo haipo, na milima yetu, Mbeya na Iringa, ambayo bila kujua ilikuwa shahidi katika kesi hiyo.

Mtoto wa Mulago

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji aje amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pande zote nne: taya la juu kulia na kushoto, taya la chini kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea na kukaa ovyo kwenye ufizi. Daktari aliyeitwa alikuwa Denis Burkitt, mzaliwa wa Enniskillen huko Ireland, ambaye alipoteza jicho lake moja akiwa na miaka 11 kwa jiwe lililorushwa na watoto wenzake. Hakuwahi kuona kitu kama kile. Maambukizi ya mfupa hukaa mahali pamoja, na saratani kwa kawaida huanzia mahali pamoja. Hii ilikuwa imeingia sehemu nne kwa mpigo.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja akizungukia wagonjwa. Alipotupa macho dirishani alimwona mtoto wa kike amekaa na mama yake kwenye majani, uso umevimba vilevile. Burkitt aliacha alichokuwa akifanya, akatoka nje, akampima. Tumboni mwa mtoto yule alipapasa uvimbe mwingine mkubwa. Mara moja ni ajabu. Mara mbili ni jambo la kufuatilia. Akarudi Kampala na kuanza kufukua mafaili ya wodi na kumbukumbu za maiti zilizopasuliwa. Akakuta kwamba watoto wenye uvimbe wa taya walikuwa wengi, na kwamba mara nyingi mtoto huyohuyo alikuwa na uvimbe kwenye figo, ini, ovari au tezi za juu ya figo. Madaktari walikuwa wakiandika kila uvimbe kwa jina lake, kana kwamba ni magonjwa kumi tofauti. Ulikuwa ugonjwa mmoja.

Mwaka 1958 aliuandika katika jarida la upasuaji la Uingereza. Muda mfupi baadaye mwanapatholojia Gregory O'Conor, akishirikiana na J. N. P. Davies wa Makerere, alionyesha chini ya hadubini kwamba ilikuwa limfoma, yaani saratani inayozaliwa kwenye seli za kinga za mwili. Hizo ndizo seli zinazojaa kwenye mitoki tunayoipapasa shingoni na kwapani tunapougua. Duniani kote saratani hiyo ilikuwa adimu. Huko Kampala ilikuwa karibu nusu ya saratani zote za watoto. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Ramani yenye matundu

Daktari mwingine angeridhika hapo. Burkitt akauliza swali la mtu wa ramani: ugonjwa huu unaishi wapi? Alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wenye uvimbe, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni barani kote, akiuliza jambo moja tu: mmewahi kuona hii? Kila jibu la ndiyo alilichomekea pini kwenye ramani. Pini zikachora mkanda mpana katikati ya Afrika, wenye mkia unaoshuka kwa pwani ya mashariki kuelekea Msumbiji.

Ila mkanda huo ulikuwa na matundu. Kulikuwa na sehemu zilizozungukwa na pini lakini zenyewe zikiwa tupu. Burkitt akaamua kwenda kuziona kingo za ramani kwa macho yake. Tarehe 7 Oktoba 1961, akiwa na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Clifford Nelson, aliondoka Kampala kwa gari la Ford lililotumika, lililonunuliwa kwa pauni 250. Walisafiri wiki kumi na kufika Afrika Kusini na kurudi, kilomita 16,000 hivi, wakipita hospitali zaidi ya hamsini. Zilikuwa wiki zilezile ambazo Tanganyika ilikuwa ikijiandaa kupandisha bendera yake ya Uhuru, 9 Desemba.

Kila walipofika walifanya yaleyale. Walitoa picha, wakauliza, wakasikiliza, wakaandika. Na jibu la hapana liliandikwa kwa uangalifu uleule wa jibu la ndiyo. Hapo ndipo penye somo. Hospitali ya milimani ambayo haijamwona mtoto hata mmoja mwenye taya la namna ile haikuwa imewapotezea muda. Ilikuwa imewapa nusu ya jibu.

Mchoro ulipokamilika ulionekana hivi: karibu na ikweta, uvimbe ulikoma kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka chini zaidi. Kwa nini mlima wa kusini uzuie ugonjwa kwenye mwinuko ambao mlima wa kaskazini haukuuzuia? Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alikuwa mjuzi wa wadudu na alilitambua jibu: mita zilikuwa zikisema lugha ya joto. Mahali ambapo mwezi wa baridi nyuzi joto zilishuka chini ya 16 hivi, uvimbe haukuwepo. Mahali ambapo mvua ya mwaka haikufika milimita 500, haukuwepo pia. Joto na mvua vikikaa pamoja, mtu wa kwetu hahitaji kuambiwa ni nani anayezaliana hapo.

Sasa itazame ramani hiyo ukiwa Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu, au Mbeya, karibu mita 1,700. Kwa latitudo, miji yote miwili imo ndani ya mkanda wa ugonjwa. Kwa baridi, imo ndani ya tundu. Na tundu lenyewe lina ngazi. Kutoka Iringa teremka Mlima Kitonga mpaka kwenye mibuyu na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni; kutoka Mbeya teremka mpaka Kyela. Safari ya nusu siku inakuvusha mpaka ambao Burkitt aliutafuta kwa wiki kumi. Kosta ya bibi yule ilikuwa ikishuka kutoka kwenye sehemu tupu ya ramani kwenda upande wa pini.

Kirusi kilichochelewa uwanjani

Tarehe 22 Machi 1961, miezi michache kabla ya safari ile, Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti kijana wa virusi, Anthony Epstein. Alipoisikia habari ya saratani inayofuata joto na mvua, moyo wake ulimwambia kuna kirusi, na huenda kinabebwa na mbu. Wakapatana: vinyama vitakavyokatwa kwenye uvimbe wa watoto Kampala vitapelekwa London kwa ndege.

Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Kisha, mwishoni mwa 1963, ndege iliyobeba kifurushi kimoja ilizuiwa na ukungu wa London ikatua Manchester. Kinyama kilipofika maabara kilikuwa kimechelewa, na maji yake yamekuwa na ukungu nayo, kama yameoza. Epstein hakukitupa. Aliweka tone chini ya hadubini akakuta ukungu ule ni seli hai za uvimbe zilizokuwa zikielea huru. Yeye na msaidizi wake Yvonne Barr wakafaulu kuzikuza, na mwezi Februari 1964, kwa hadubini ya elektroni, akaviona virusi ndani ya seli hizo. Machi mwaka huo Epstein, Barr na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, walitangaza ugunduzi wao. Kirusi kikaitwa Epstein-Barr. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Lakini kirusi hicho hakibebwi na mbu. Kinapita kwa mate. Mama anapomtafunia mtoto chakula, watoto wanapopokezana kikombe na pipi, kinahama. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, Mbeya kama London, Njombe kama Kyela, na wengi hawatajua kamwe. Kama kirusi kiko kila mahali, ramani yenye matundu ilikuwa ikionyesha nini?

Mwanasayansi Mmarekani Gilbert Dalldorf alipendekeza jibu: malaria. Visiwani Unguja na Pemba kulikuwa na joto na mvua tele, lakini uvimbe ulikuwa haba, na visiwa hivyo vilikuwa vimepulizwa dawa ya kuua mbu kwa kampeni kubwa. Kufikia 1969 Burkitt mwenyewe alikuwa ameandika kuunga mkono hoja hiyo. Kwa hiyo mbu alikuwemo kwenye kisa tangu mwanzo, ila mzigo aliobeba haukuwa kirusi. Alibeba vimelea vya malaria, na vimelea vikakutana na kirusi kilichokwisha kuingia kwa mlango mwingine.

Lori linaloteremka Kitonga

Imekuwaje malaria na kirusi cha mate vizae saratani ya taya? Aliyewahi kusimama kandokando ya Kitonga akatazama malori ataelewa upesi. Lori linaloteremka salama lina dereva anayejua lini akanyage mafuta, lina breki, na lina gia ndogo ya kulishikilia. Ajali kubwa huhitaji zaidi ya kosa moja.

Seli iliyo katikati ya kisa hiki inaitwa seli B. Kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Mtoto anayeugua malaria tena na tena huzilazimisha seli B zake kuzaliana bila kupumzika, na kila zinapozaliana hukata na kuunga upya vipande vya DNA ili kutengeneza kingamwili zinazofaa zaidi. Ni kazi ya kawaida, ila ni kazi ya kisu. Kisu kikitumika maelfu ya mara, siku moja hukata pasipotakiwa.

Mkato wenyewe unajulikana. Mara nyingi kipande cha kromosomu namba 8 huhamia kwenye kromosomu namba 14. Kwenye kipande hicho mna jeni iitwayo MYC, inayoiamuru seli ikue na kugawanyika. Mahali inapohamia ndipo penye jeni za kingamwili, ambazo kwa seli B haziko kimya kamwe. Hapo mguu unakwama kwenye mafuta. Kwa kawaida seli iliyokorofika namna hiyo hujiua yenyewe. Hiyo ndiyo breki. Kirusi cha Epstein-Barr kilichojificha ndani yake huipunguzia nguvu breki hiyo. Malaria imelisukuma lori kwenye mteremko, MYC imekwamisha mafuta, kirusi kimelegeza breki.

Nguvu ya jeni hiyo imeonekana hata kwa samaki. Mwaka 2003 watafiti wa Boston waliipandikiza MYC ya panya kwenye samaki wadogo wenye mistari, wadogo kuliko usipa wa Ziwa Nyasa, ambao wakiwa wachanga miili yao hupitisha mwanga. Waliiunganisha na protini inayong'aa kijani. Samaki wakapata saratani ya damu, na watafiti wakazitazama seli zikienea mwilini kama taa za wavuvi usiku. Jeni moja iliyowekwa pasipo pake, katika kiumbe ambacho hakijawahi kuumwa na mbu, ilitosha kuwasha moto.

Moto wenyewe ni mkali. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote kwa binadamu: seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Vidonge vya Mara

Hoja ya malaria ilihitaji mtihani, na mtihani mkubwa ulifanyika Tanzania. Kati ya 1977 na 1982, Mara Kaskazini, kando ya Ziwa Victoria, ambako hospitali ya misheni ya Shirati ilikuwa imehudumia wagonjwa wengi wa aina hii, watoto walio chini ya miaka 10 waligawiwa vidonge vya klorokwini. Hoja ilikuwa rahisi: malaria ikipungua, je, uvimbe utapungua?

Matokeo yalitangazwa 1989. Uvimbe ulipungua. Lakini ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya vidonge, na baada ya muda vimelea vilianza kuizoea klorokwini, malaria ikarudi. Watafiti waliandika kwa uaminifu kwamba ushahidi haukutosha kufunga kesi. Mimi nawaheshimu kwa hilo. Kazi ikaendelezwa na wengine: kati ya 2010 na 2016 utafiti mkubwa chini ya Mganda Sam Mbulaiteye, wa taasisi ya saratani ya Marekani, ulifuatilia watoto wa Uganda, Kenya na Tanzania, huku kwetu ukifanyika kanda ya Ziwa. Leo hakuna mtaalamu wa ugonjwa huu anayeitoa malaria kwenye maelezo yake.

Mlima si ngome

Msomaji wa Iringa au Mbeya anaweza kufunga kitabu hapa kwa moyo mtulivu: sisi tuko juu, baridi inatulinda. Namwomba asifunge.

Kwanza, watu hawakai kwenye mwinuko mmoja. Mtoto wa Mbeya hupelekwa kwa bibi Kyela likizo nzima. Familia huhamia mashamba ya mpunga ya Usangu na Pawaga. Uvimbe ukianza kuonekana, mtoto anaweza kuwa amesharudi milimani, mbele ya mganga ambaye hajawahi kuuona.

Pili, limfoma ya Burkitt ina sura nyingine mbili zisizotegemea mbu. Moja huonekana kwa nadra popote duniani. Nyingine hufuatana na virusi vya Ukimwi, mara nyingi kwa watu wazima, nayo haiulizi mwinuko. Hapa milima yetu inabadilika kutoka shahidi kuwa mlalamikaji. Katika utafiti wa kitaifa wa 2016/17, mikoa mitatu iliyoongoza kwa maambukizi ya VVU kwa watu wazima ilikuwa Njombe kwa asilimia 11.4, Iringa kwa 11.3 na Mbeya kwa 9.3. Baridi iliyofukuza mbu haikuwa na uwezo juu ya hilo. Kinga ya sura hiyo ni kupima na kumeza ARV kila siku bila kuacha, na kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, mjini Mbeya, kilichozaliwa kutokana na programu ya utafiti iliyoanza 1996, kimetumia miaka mingi kuchunguza VVU na magonjwa yanayofuatana nao.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, ugonjwa huu unatibika. Burkitt aliyaona haya mwenyewe Kampala miaka ya 1960: mtoto aliyevimba uso mpaka jicho limefunikwa alichomwa sindano ya siklofosfamidi, na baada ya siku chache uvimbe ulikuwa ukiyeyuka. Wengine walipona kabisa. Mwaka 1967 ikaanzishwa taasisi ya saratani ya Uganda, iliyoanza na wagonjwa hawahawa. Dawa nyingine inayotumika, vinkristini, hutokana na ua dogo la rangi ya waridi lenye petali tano, lenye asili ya Madagaska, ambalo wengi wetu tunalo mbele ya nyumba. Katika nchi tajiri karibu watoto tisa kati ya kumi hupona. Kwetu wanapona wachache zaidi, na sababu kubwa ni kuchelewa.

Kuchelewa kunaanzia kwenye jino. Gego la mtoto linalegea kabla ya umri wake. Mzazi anafikiri ni jino la kawaida, linang'olewa. Baada ya wiki uvimbe unajaza pale jino lilipokuwa. Anapelekwa kupata antibiotiki, kisha kwa mganga wa mitishamba, kisha pesa ya nauli inatafutwa. Kwa mwendo wa saratani hii, mwezi mmoja wa kuzunguka ni mrefu kuliko mwaka mmoja wa saratani nyingine.

Kwa hiyo mzazi, mwalimu, mganga wa zahanati, shika haya. Jino la mtoto likilegea bila sababu, taya likivimba bila maumivu makubwa, jicho likisukumwa nje, tumbo likijaa upande mmoja kwa siku chache, usisubiri kesho kutwa. Omba rufaa. Omba kinyama kichukuliwe kipimwe. Katika Nyanda za Juu Kusini lango la rufaa ni Hospitali ya Kanda ya Mbeya, na watoto wengi wa saratani hutibiwa Muhimbili, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Ni mbali, lakini barabara ipo.

Nilimsaidia bibi yule kushusha mizigo stendi ya Kyela. Mjukuu alikuwa ameamka, amebaki na fulana tu, akicheka na muuza karanga, na meno yake yote madogo yakaonekana yamekaa sawa kwenye mstari. Nilijikuta nayahesabu. Bibi akaniuliza natazama nini, nikamwambia mtoto ana meno mazuri. "Ayatunze," akasema, akaukumbatia mfuko wenye chandarua.

Kutoka Kyela mpaka Mbeya kosta hutumia saa tatu hivi. Uvimbe ule hutumia siku moja au mbili kuongezeka maradufu. Gari letu bado lina mbio kuliko ugonjwa, mradi lipandwe siku ya kwanza.